Kabla ya Blutiki Kulikuwa na Flashi

Kila mara Gen Z wakitajwa kwa runinga, lazima mtu mzima mmoja aseme ati sisi hatujui kuwasiliana. Ati tunaandika herufi moja badala ya sentensi, tunatuma emoji badala ya kuomba msamaha, na tukipigiwa simu tunaiangalia ikilia mpaka inyamaze, halafu tunatuma meseji ya "sema". Hiyo ya mwisho ni kweli kabisa, sibishani. Lakini wanaotuambia hivyo ni kizazi ambacho kwa karibu miaka kumi kilipiga simu kikimwomba Mungu isishikwe. Hao ndio watu wa flashi. Na mimi naona ukitaka kuelewa vile binadamu huelewana, ama hukosa kuelewana, hiyo flashi itakufunza kuliko kitabu chochote cha shule.

Kama ulizaliwa baada ya 2005 huenda umeisikia tu kwa stori. Kuflashi ni kupiga simu, kungoja ilie mara moja ama mbili, kisha kukata kabla haijashikwa. Majirani zetu Tanzania waliita kubipu. Hakuna neno lililosemwa na hakuna senti iliyotumika, na bado ujumbe ulifika.

Turudi nyuma kidogo ndio uone ilitoka wapi. Sensa ya 1999 ilihesabu Wakenya milioni 28.7. Laini za simu za waya, nchi nzima, zilikuwa karibu laki tatu tu. Mwaka huo huo shirika la serikali lililoshikilia posta na simu kwa pamoja, KPTC, lilivunjwa likazaa Telkom, Posta na CCK. Simu za mkononi zilikuwepo tangu mwanzo wa miaka ya 1990, lakini kifaa kimoja kiliuzwa kama robo milioni ya shilingi, na hiyo ni robo milioni ya wakati ule. Ukiona mtu nayo ulijua huyo ni waziri, ama anakula na waziri. Raia wa kawaida alikuwa na barua, sanduku la posta la kuazima kutoka kwa shule ama kanisa, kibanda cha sarafu chenye foleni ndefu, na redio. Matangazo ya vifo yalipitia redioni. Salamu pia: watu walinunua kadi za salamu, wakajaza majina ya marafiki, wakatuma kwa posta, kisha wakakaa karibu na redio kungoja yasomwe. Hebu fikiria kungoja wiki mbili ndio binamu yako asikie "hujambo".

Halafu mwaka 2000 ukafika. Vodafone iliingia Safaricom, KenCell ikazinduliwa, na kadi za kukwangua zikaingia mtaani. Ghafla simu ikawa kitu unaweza kuwa nacho bila bili ya mwisho wa mwezi. Shida ilikuwa kredo. Kununua simu ilikuwa kazi ya mara moja, kuilisha ilikuwa kazi ya kila siku. Familia nyingi zilikuwa na simu ndani ya nyumba na shilingi tatu ndani ya simu.

Hapo ndipo watu waligundua mwanya. Ukipiga, mtandao unamtafuta yule mwingine, mnara ulio karibu naye unaiambia simu yake ilie, na jina lako linatokea kwa skrini. Kazi hiyo yote haikulipiwa. Mita ilianza kusonga pale tu alipobonyeza kitufe cha kijani. Kwa hivyo kabla senti moja haijatoka, tayari habari mbili zilikuwa zimefika: ni nani, na ni saa ngapi. Wakenya wakaona hizo habari mbili zinatosha kuendesha maisha.

Na ziliendesha. Flashi moja: nimefika steji. Mbili: toka nje, niko kwa geti. Wapenzi walikuwa na flashi ya kulala, saa nne usiku, mlio mmoja tu, na hiyo ilikuwa barua nzima ya mapenzi. Fundi alikuflashi kiatu chako kikiwa tayari. Dunia nzima ya mapatano ilijengwa juu ya mlio, na kila watu wawili walikuwa na kamusi yao. Flashi moja kutoka kwa fundi na flashi moja kutoka kwa mpenzi zilikuwa mlio ule ule, kutoka simu ile ile, na hakuna aliyechanganya.

Kulikuwa na wasee wabaya pia. Wale wa kukaa na kidole juu ya kitufe cha kijani, ukiflashi tu wanashika kwa kasi ya umeme, "haloo!", kredo yako imeliwa. Urafiki ulivunjika hivyo.

Michael Joseph, aliyekuwa bosi wa Safaricom miaka hiyo, aliwahi kusema kwamba Wakenya wana tabia za ajabu za kupiga simu. Alikuwa akieleza kwa nini mtandao unalemewa. Nchi ilimcheka, na kidogo ikakasirika, na hayo maneno hayajamwacha mpaka leo. Mimi naona alikuwa sawa kwamba zilikuwa tabia za kipekee, ila kipekee si kasoro. Watu waliwekewa bei ya kuongea, wakavumbua lugha isiyo na maneno.

Sasa linganisha hiyo na vile tulifundishwa darasani. Unakumbuka ile mada ya mawasiliano kwa somo la biashara? Mtumaji, ujumbe, njia, mpokeaji, mrejesho, mishale imezunguka kama mzunguko wa maji. Unachora, unapata alama zako, unasahau. Ile picha ina historia, na historia yake ni ya simu. Mwaka 1948 Claude Shannon, mhandisi wa maabara za Bell huko Marekani, alichapisha hesabu za vile habari husafiri kwa njia yenye kelele. Mchoro wake ulikuwa na chanzo, kisambazaji, njia, kipokezi na mwisho wa safari, na kelele ikiingilia katikati. Shannon mwenyewe alisema wazi mapema kabisa kwamba maana ya ujumbe haihusiki na tatizo lake. Yeye alikuwa mtu wa waya. Alitaka ishara itoke hapa ifike pale bila kuharibika. Kama ni matusi ama ni posa, hiyo si kazi ya mhandisi. Hata mrejesho haukuwa kwa mchoro wake, uliongezwa na wengine baadaye.

Na sisi tukachukua mchoro wa waya tukaufanya mchoro wa watu.

Ndiyo maana flashi inaniburudisha sana. Ukiipima kwa ule mchoro, ni simu iliyofeli. Haikushikwa na hakuna kilichosemwa. Kampuni ilihesabu sufuri. Mwenye kukaribia ukweli ni Wilbur Schramm, Mmarekani mwingine, ambaye mwaka 1954 alichora duara mbili zinazoingiliana, moja ya maisha ya mtumaji na nyingine ya mpokeaji, akasema mawasiliano hufanyika pale zinapokutana. Flashi ilikuwa hiyo sehemu ya katikati na hakuna kingine. Kila kitu kilikuwa kimeshasemwa kabla simu haijalia, mkiwa mmesimama pamoja mahali: "nikifika nitakuflashi." Mlio ulikuja tu kugonga mlango ambao nyinyi wawili mlikuwa mmeshaujenga.

Lakini msidhani ilikuwa paradiso. Flashi ilikuwa na siasa. Mtafiti anayeitwa Jonathan Donner alihoji watu Rwanda kuhusu hii tabia na mwaka 2007 akachapisha makala kuhusu kanuni zake. Kanuni hazikuandikwa popote ila kila mtu alizijua. Kubwa ni kwamba mwenye pesa ndiye hulipa: mnyonge anaflashi, mwenye nacho anapiga. Ukitaka msaada kwa mtu, usimflashi, piga. Na kijana anayetongoza hawezi kumflashi msichana, atajiharibia jina. Hapa kwetu ilikuwa hivyo hivyo. Msichana alimflashi jamaa, jamaa akipiga, hiyo ni alama. Jamaa akiflashi pia, hiyo stori imeisha. Mfanyakazi hakumflashi bosi ila kama bosi mwenyewe alimwambia "niflashi". Kwa hivyo kila flashi ilibeba swali lingine chini yake: kati yetu, nani ni mkubwa? Kuna watu waligundua wameshuka hadhi siku ambayo rafiki yao wa zamani, aliyepata kazi, aliacha kurudisha flashi.

Na ule ukimya ndio ulikuwa mbaya zaidi. Mathe hunisimulia vile yeye na shosho walikuwa na mapatano ya Jumapili. Shosho akitoka kanisani anaflashi mara moja, maana yake niko salama, usipoteze pesa. Jumapili moja simu haikulia. Mathe akapiga, mteja hapatikani. Akapiga jirani, hapatikani pia. Hakulala. Jumatatu alfajiri akachukua matatu hadi ocha, akamkuta shosho ameketi nje anachambua maharagwe, na shosho akashtuka kumwona: "Nani amekufa?" Betri ilikuwa imeisha tangu Ijumaa, na mwenye duka la kuchaji simu alikuwa amefunga ameenda harusi.

Kuna vitu viwili kwa hiyo stori. Kwanza, mkishakubaliana kwamba mlio una maana, basi kukosa mlio pia kuna maana, mtake msitake. Pili, ukimya haujui kujieleza. Hauwezi kukuambia kama ni betri, mnara umelala, mtu amekasirika ama mtu ameaga. Wewe ndiye unaujaza, na huwa tunaujaza na hofu yetu kubwa ya wakati huo.

Kampuni ziliona haya yote na zikajaribu kuyaweka kwa huduma rasmi. Safaricom ilileta Flashback, ile ya *130*, ambapo unatuma bure meseji fupi ya kumwomba mtu akupigie. Afrika Kusini ilikuwepo tayari, Vodacom ilizindua yao mwaka 2001, na nyuma yake kuna kesi ndefu ajabu. Nkosana Makate, aliyekuwa kijana wa idara ya uhasibu pale, alipendekeza wazo hilo kwa kampuni kwa sababu ya shida aliyoiona kwa uhusiano wake mwenyewe: yeye na mpenzi wake walikuwa mbali na kredo haikuwepo. Akaenda kortini kudai haki yake, na mwaka 2016 Mahakama ya Katiba ikamuunga mkono. Mabilioni yamebishaniwa juu ya sentensi moja ya "tafadhali nipigie". Na bado, watu wengi hapa kwetu waliendelea na flashi ya kawaida. Naelewa kwa nini. Ile meseji ilikuwa na maana moja tu, omba upigiwe. Flashi ilikuwa na maana yoyote mliyoiweka nyinyi wawili.

Sasa igeuze hiyo picha. Flashi ni ujumbe usio na maneno, lakini mtumaji unamjua vizuri mpaka unaweza kubashiri amevaa nini. Je, ukiwa na maneno mengi na mtumaji hajulikani?

Hiyo tuliiona, na tuliilipia vibaya. Uchaguzi ulifanyika tarehe 27 Desemba 2007. Tarehe 30 matokeo ya urais yakatangazwa na serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Redio na runinga zikawa hazionyeshi kinachoendelea wakati kinaendelea, na watu wakabaki na simu zao. Meseji zikaanza kuzunguka. Zilitaja makabila, zikasema nani anakuja usiku huu, zikahimiza kulipiza kisasi, na mwisho zikaomba zitumwe kwa wengine. Kila mtu alizipata kutoka kwa mtu anayemjua, mjomba, rafiki wa kanisa, classmate, lakini hakuna kati yao aliyeziandika. Ujumbe ulikuwa umeazima uaminifu wa mtu mmoja ukabeba maneno ya mwingine asiyeonekana. Ungemuuliza nani, "hii umejuaje?" Anayekutumia hajui. Yeye pia ametumiwa.

Serikali ilifikiria kuzima meseji kabisa. Badala yake zikaanza kuja meseji za kuonya watu kwamba kusambaza uchochezi ni kosa, na za kuomba amani. Wakati huo huo kikundi kidogo, Ory Okolloh na wenzake, kilifungua Ushahidi mwezi Januari 2008, mahali ambapo mtu angetuma ripoti ya alichokiona na ikawekwa kwa ramani. Tazama tofauti. Teknolojia ile ile, herufi 160 zile zile. Moja inakuambia umwogope jirani na haina mwenyewe, nyingine inakuuliza: wapi, lini, umeona nini? Tume ya Waki baadaye ilihesabu waliouawa kuwa 1,133. Meseji peke yake haikuua hao watu, ardhi na siasa na bunduki zilikuwepo muda mrefu kabla ya simu. Lakini ilisaidia hofu kutembea haraka kuliko ukweli.

Kilichofuata ni nchi kujaribu kumrudisha mtumaji kwa ujumbe. Sheria ya utangamano wa kitaifa ilipitishwa 2008 na kuzaa NCIC. Kufikia mwisho wa 2012 CCK ilikuwa inazima laini ambazo hazijasajiliwa kwa jina na kitambulisho, na meseji za siasa zinazotumwa kwa maelfu ya watu zikawekewa masharti kabla ya uchaguzi wa 2013. Unaweza kubishana kuhusu usajili, na mimi nabishana, kwa sababu serikali inayojua jina nyuma ya kila laini inajua mengi sana kutuhusu. Lakini tatizo lililokuwa linatibiwa lilikuwa la kweli, na kwa WhatsApp liko mpaka leo, na ile alama ndogo ya kuonyesha ujumbe umesambazwa mara nyingi hakuna anayeisoma kwa grupu ya familia.

Flashi yenyewe haikupigwa marufuku na mtu. Iliuawa na bei. Agosti 2010 CCK ilishusha ada ambayo kampuni hulipana simu ikivuka mtandao, kutoka shilingi 4.42 hadi 2.21, na Zain wakaingia vitani na shilingi 3 kwa dakika. Wengine wakalazimika kushuka. Kuongea kukawa rahisi, kisha bando zikaja, kisha WhatsApp, na mtu mwenye mia mbili kwa wiki akawa anaweza kuongea mpaka masikio yaote malengelenge.

Na hapo ndipo tulipo sisi. Hatuna tena sababu ya kutosema. Ndiyo maana kublutikiwa kunauma kwa njia ambayo flashi isiyorudishwa haikuuma. Zamani ulikuwa na kisingizio cha kumpa mtu: hana kredo, maskini. Tiki mbili za bluu zimekuondolea hicho. Simu inakuambia amesoma, inakuambia saa ngapi, na kama hajaficha inakuambia yuko hewani sasa hivi. Shannon angefurahi sana, ishara imefika bila kelele yoyote. Kitu ambacho haikuambii ni maana, kwa sababu mimi na wewe hatujawahi kukaa chini tukakubaliana kusoma bila kujibu kunamaanisha nini. Kwangu ni "nimeona, nitakujibu nikitulia". Kwako ni "sina haja na wewe". Tiki ni zile zile, kamusi ni mbili, na hakuna aliyefungua ya mwenzake.

Kwa hivyo mtu mzima akiniambia kizazi chetu kimepoteza uwezo wa kuongea, simkatalii moja kwa moja. Nafikiri tulichopoteza ni yale mazungumzo ya dakika moja ambayo umaskini uliwalazimisha wao kuwa nayo: mlio mmoja ni hivi, miwili ni hivi, usiposikia kitu kufikia saa mbili anza kuuliza. Walikuwa wanasaini mkataba kila siku bila kujua. Sisi tumepewa njia saba za kumfikia mtu mmoja na hatujasaini hata moja. Kuna wapenzi nawajua wamemaliza mwaka mzima na hawajawahi kuambiana ni meseji ipi inafaa kujibiwa usiku na ipi inaweza kungoja asubuhi, lakini wamegombana juu yake kila wiki.

Flashi bado haijafa kabisa, by the way. Agiza chakula usiku kwa hizi fleti zetu. Rider anafika, hataki kuzima pikipiki, hataki stori na wewe. Simu inalia mara moja na kunyamaza. Wewe hupigi, huandiki, unatafuta tu slipa chini ya kiti uende uchukue chipsi zako.